Taya Laini

Elgoibar. Mvua nyembamba tangu alfajiri,
ile isiyonyesha wala isiyokoma.
Jiliwa la dirishani linabana mwavuli
wa mtu aliyeacha kazi mwezi Machi.

Kwenye meza, pete ya shaba,
unene wake milimita mbili,
ya pampu ya meli ya watu wa Bermeo.
Jana Unai, mwanagenzi, aliikamata kwa taya tatu,
akakaza ufunguo kwa kifua kizima,
maana aliambiwa: kisichoshikwa huruka,
na kikiruka hakimwulizi mtu jina.
Ni kweli. Kidole cha mzee Iñazio
kilipotelea humu humu, kwenye machicha ya chuma,
na hakuna aliyekizika.

Akaikereza ndani. Mviringo safi,
mshale wa kipimo haukupepesa.
Akalegeza taya.
Pete ikashusha pumzi
ikawa na pembe tatu.

Jicho lingekula kiapo kuwa ni duara.
Mshale ulikataa: ukapanda, ukashuka,
ukapanda, ukashuka,
ukapanda.

“Lakini ilikuwa duara!”
“Ilikuwa duara ikiwa imebanwa,”
alisema Garbiñe, akaenda nyumbani
kumwogesha mama yake.

Sakafu ya bafu inateleza, na mama
ana miaka tisini na mmoja na mifupa ya kaki.
Akamshika mkono, asianguke.
Hakuanguka.
Asubuhi, kwenye ngozi ile, alama tatu za zambarau,
na ya gumba upande wa pili.
Mama hakusema neno. Aliomba kahawa.

Leo Garbiñe anafungua taya ngumu,
anazipangusa, anazilaza kwenye droo.
Anafunga za alumini, laini,
anazibanisha kisahani, kisha anazikereza zenyewe,
unyuzi baada ya unyuzi,
mpaka zinapata mkunjo wa pete,
mpaka mkono unafanana na kinachoshikwa.

Pete inaingia bila kelele.
Ufunguo: robo mzunguko, na kidogo.
Wanakereza. Wanaachia.
Mshale umelala.

“Unakaza kiasi gani?” anauliza Unai,
kalamu iko tayari juu ya daftari.
Garbiñe anatafuta namba, hana.
Anamshika kifundo cha mkono,
kitambo tu,
anamwachia,
na wote wawili wanainama kuitazama ngozi.