Kiatu cha Kushoto

Ugomvi ulianza na sufuria isiyooshwa.
Vasile akasema, "Ngoja nipunge hewa kidogo,"
akachukua funguo.

Funguo zikagongana, na Ilinca
akawa na miaka sita tena:
Suceava, alfajiri, theluji magotini,
basi la Torino linanguruma,
mama anapanda na begi la bluu.
"Narudi Pasaka."
Hakusema Pasaka ipi.

"Nenda!" Ilinca akafoka. "Nenda, usirudi!"
Maana afukuzaye hawezi kuachwa.

Vasile akatafuta kiatu cha kushoto
uvunguni, nyuma ya mlango,
akamkuta jikoni amekikumbatia,
kamba kaizungusha kidoleni mara tatu.

Akakaa sakafuni. Hakudai maelezo.
Akavua cha kulia, akampa na hicho.

Sufuria ikabaki chafu hadi asubuhi.