Kijiti cha Oili

Nyuma ya maghorofa yetu hapa Daugavpils
gereji arobaini zimebanana kama meno.
Yetu ni ya kumi na tisa: mlango wa chuma
unaotaka teke kabla ya ufunguo.
Humo ndimo nilimojifunza magari,
si kwa kuendesha, kwa kushika tochi.

Lada ya baba ilikuja na mfuko wa spana
na mkono wa chuma wa kuzungushia injini
betri ikizirai kwa baridi.
Spana ya kumi, spana ya kumi na tatu,
basi, gari zima likafunguka.
Iliharibika kila Jumamosi,
ikapona kila Jumapili.
Mama aliiita mgeni asiyeaga.

Volvo niliinunua kwa zamu za usiku, wodi ya mifupa.
Chini ya boneti palikuwa na nafasi ya kuogeshea mtoto.
Ukiangusha nati uliisikia ikifika sakafuni,
ukainama, ukaiokota,
ukaendelea na maongezi pale ulipoachia.

Kisha Citroën. Rangi ilinipofusha, nakiri.
Ili kubadili balbu moja, ya kushoto,
nilitoa betri, nikatoa kisanduku cha betri,
nikatoa ngozi ya vidole viwili
na maneno ambayo baba hakujua kuwa nayajua.

Toyota haina hadithi.
Miaka tisa: oili na chujio, oili na chujio.
Viganja vyangu vimelainika.
Juzi nilisimama mbele yake na spana mkononi
kama mtu aliyeingia chumbani
akasahau alichofuata.

Wauguzi wenzangu huniuliza wanunue ipi.
Kununua si kazi, nawaambia, kazi kulea.
Msiulize bei kwanza. Fungueni boneti,
mwone mkono unaingia mpaka wapi.

Leo mpwa wangu Raivis ameleta Audi nyeusi,
imevuka Poland nzima bila kukohoa.
Baba, miaka themanini na mmoja,
anasukuma kofia nyuma, anainama.
Kitambaa kiko tayari mkono wa kushoto.
Kidole cha kulia kinatafuta kile kipete cha manjano,
kijiti cha kupimia oili.
Kinatafuta huku. Kinatafuta kule.
Plastiki tu, pana, safi, kama kaunta ya benki.

«Hakuna, babu,» asema Raivis. «Kioo kitakuambia.»
«Na kioo kikiugua?»
«Fundi ana kompyuta.»
«Na fundi yuko wapi?»
«Riga.»

Baba anakitazama kitambaa.
Anakikunja mara mbili, polepole,
kama mtu anayeficha barua.
Theluji inaanza kuingia mlangoni.

Halafu anaivuka Audi, anakwenda kwenye Toyota yangu,
anafungua, anavuta kijiti, anafuta,
anachovya, anavuta tena,
anakiinua kwenye mwanga wa dirisha
na kukisoma kwa jicho lake zima.

«Imejaa,» asema,
ingawa hakuna aliyeuliza.