Dozi ya Saba

Karatasi yasema sita. Lakini Bogna
akiinamisha chupa, akavuta sindano polepole,
hupata ya saba.

Łomża, saa kumi na moja jioni. Theluji imeziba dirisha.
Orodha imekwisha: madaktari, wauguzi,
hata mhasibu wa ghorofani
asiyewahi kumsikia mgonjwa akikohoa.
Na chanjo hii hailali.

Koridoni Zdzisława anakamua dekio.
Tangu Machi anadeki wodi ile ile,
anajua kitanda kipi kimebadili mtu usiku.
Ni wa kampuni. Hayumo.

“Waogopa sindano?”
“Naogopa karatasi.”

Bogna akamkunjia mkono wa sweta,
maji ya dekio yakichuruzika bado.

Kesho wakimwuliza, atajibu
kama karatasi inavyosema:
sita.