Kitanda cha Watu Wawili

Kwetu Tororo, neno sakitu tulilisoma tu,
shule ya ng'ambo ya mpaka, darasa la tano,
tukalikariri pamoja na nyangumi na volkeno,
mambo ya watu wengine.

Sasa niko Muko, Julai, saa nne usiku,
ndani ya Haisi ya kampuni, tochi mdomoni,
nafungua valvu moja moja
naikojolesha pampu.

Ndiyo, kuikojolesha. Usiiache na tone.
Tone moja likibaki shingoni
litavimba usiku, taratibu, bila kelele,
na asubuhi utakuta chuma kimeachama.

Najua. Mwaka jana ilipasuka
kama ganda la yai, bonde hili hili.
Nikampigia bosi, Mbarara: maji yameganda.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Ochwo, nchi ni Uganda, sawa,
lakini maji hayagandi. Umemuuzia nani?"
Mshahara wa miezi mitatu ulikatwa nusu nusu.

Kwa hiyo nina utaratibu wangu.
Mipira naipuliza kwa mdomo mpaka masikio yazibe,
naizungusha, naitundika nyuma ya kiti cha dereva.
Chujio la kioo nalivika soksi.
Betri juu ya ubao.
Tangi la lita mia tano naliacha hapo hapo:
maji mengi yanajua kukumbatiana.
Lakini pampu
naibeba kama mtoto aliyelala safarini,
naingia nayo kwa Kobusingye, chumba namba mbili,
napanda nayo kitandani.

Usiku wa kwanza alisimama mlangoni na taa.
Akaitazama pampu. Akanitazama mimi.
"Kitanda cha watu wawili ni elfu ishirini na tano."
"Mama, hii ni mashine."
"Haitalalia shuka langu?"
Nikalipa.

Mke wangu alipiga simu. Kule kwetu
wamelala mlango wazi kwa joto.
"Nasikia chuma kinagonga ukuta. Uko na nani?"
Nikamweleza. Akanyamaza, salio likiisha.
"Basi ifunike vizuri," akasema.

Saa kumi na moja kasoro mlango unagongwa.
Kobusingye, blanketi kichwani:
"Hilo dude lako linaamka?"

Nje, nyota zimekaza macho.
Bonde lote jeupe,
kana kwamba gunia la unga limepasukia hewani.
Viazi vyake, mistari arobaini,
ndiyo kwanza vinatia maua:
majani yamesimama magumu, yanalia yakiguswa.
Jua likiyakuta hivi, anasema,
saa nne yatakuwa meusi kama yamechemshwa.
Binti zake wamekwisha kuinama na majagi,
wanaosha shina kwa shina
kama watu wanaohesabu mchanga.

Nachomeka pampu. Bado ina joto la mbavu zangu.
Inakohoa mara moja, inashika.
Mpira unajinyoosha, mvua ndogo inaruka,
na jani linalainika, linainama, linakuwa jani tena.
Narudi kinyumenyume. Vidole si vyangu.
Kobusingye anauinua mpira usivunje mashina,
anahesabu kwa Kikiga, namfuata kwa mkono wake.
Mlima unaanza kupata ukingo.

Mstari wa ishirini na sita, tangi likakauka.

Jua likaja kuchukua iliyobaki.
Tulisimama tukitazama. Binti mdogo
bado alikuwa ameshika jagi tupu, limeinamishwa.

Baadaye, kwenye daftari la wageni,
aliandika bili yangu: watu wawili.
Hakupunguza hata shilingi.
Ila kwenye safu ya majina,
mahali alipozoea kuandika Ochwo na mashine,
aliandika Ochwo na,
kisha neno la kwao, refu, kwa mkono wa taratibu,
ambalo mpaka leo
sijamuuliza maana yake.