Mgeni Njoo

Kikao kilianza saa moja jioni, ghorofani, juu ya zimamoto:
wajumbe saba, viti arobaini, wananchi kumi na wanne,
na mimi karani, mwenye kalamu, nisiye na kura.
Nje, Barabara Kuu ya Tarrow, Ohio, ilikuwa imefumba macho,
maduka kumi na tisa yamepigiliwa mbao madirishani,
saa ya benki ikishikilia kuwa ni tatu kasoro tano
tangu kiwanda cha vioo kizime tanuri.

Bwana wa kampuni ya baga alikuja na picha kubwa.
Ndani ya picha miti ilikwisha kukomaa,
watoto wameshika maputo,
na hapakuwa na mnene hata mmoja.
Akasema: ajira thelathini na tano. Akasema: mwanga.
Akasema watu huenda palipo na watu.
Nikayaandika yote.

Delbert Kreutz wa duka la vyuma akasimama,
akasema mji uliokaukiwa damu hauchagui sindano.
Makofi. Nikaandika: makofi.

Kisha Ilona Varga, mwenye mkahawa wa kona,
ambaye supu yake nyekundu ililisha zamu tatu za kiwanda,
na mwaka wa mgomo ikalisha kwa daftari la madeni
ambalo hadi leo lina kurasa hazijafutwa,
akauliza jambo moja, bila kupandisha sauti:
hilo dirisha la magari,
foleni yake itapita wapi?

Bwana akafuatisha mstari kwa kalamu.
Ulipita jikoni kwake.
"Jengo ni la kupanga," akasema,
kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sawa. Ila wahenga hawakutaja
mwenyeji yupi.

Watano kwa wawili.

Sasa ni mwaka wa nne, na sitaki kusema uongo.
Taa zipo. Usiku wa theluji
lile ndilo dirisha pekee linalokuita.
Wazee wa kiwanda hufika alfajiri,
hukalia kikombe kimoja cha kahawa hadi adhuhuri,
na Dontrell, meneja, kijana wa miaka ishirini na mitatu,
hujifanya anapanga mirija.
Tavia wa jirani yangu alikaanga viazi miezi kumi na minane,
akanunua gari kwa jasho lake,
na gari hilo likamtoa Tarrow.
Niiweke safu gani hiyo, ya faida au ya hasara?
Mama yake huniambia ni faida, kisha hunyamaza.

Mkabala pakafunguliwa duka la vitabu vikuukuu.
Lilidumu miezi saba.
Mwenye duka alihesabu Ijumaa moja, kwa kuwa hakuwa na la kufanya:
magari mia nne na kumi na mawili.
Mkono nje, mfuko ndani, kioo juu.
Walioshuka, wawili.
Mmoja aliuliza choo kiko wapi.

Na usiku wa manane, mashine zikishapigwa deki,
mauzo ya siku husafiri kwa waya
hadi jiji ambalo hakuna hapa aliyewahi kulikanyaga.
Hayalali Tarrow hata usiku mmoja.

Ilona hupika Alhamisi, chini ya kanisa la Mtakatifu Stefano.
Watu hukaa. Huo ndio msamiati wake wote wa biashara:
watu wakae.
Nilimwuliza kama ana kinyongo na wale.
Akasema mafuta yao wanayabadilisha kwa wakati,
amenusa.

Jana nilitoka kazini nimechelewa, nina njaa,
nikajiunga na foleni, injini ikinguruma,
nikalipa, nikasogea mbele nikaegesha.
Nikapiga hesabu: mlango, kaunta, hatua sita.
Jiko lake lilikuwa hapa,
chini ya gurudumu langu la kushoto.
Nikala mle mle garini, vioo vimefunga ukungu.

Viazi vilikuwa vitamu.
Hilo nalo liandikwe.