Hata Moja

Chumbani mna zulia, mna kiyoyozi,
na mna kreni isiyokuwako.
Kiti chake ni cha kweli. Mikono miwili ya chuma ni ya kweli.
Sakafu ni kioo: ukitazama kati ya magoti
waona mita arobaini za hewa isiyo hewa,
gati lisilo gati,
na vijitu vya kofia za njano
ambavyo hata ukivipondaponda vinainuka.

"Hapo ndipo mashine hii inapodanganya," asema Mwalimu Mwadime.
"Kibarua wa kweli hainuki."
Halafu anyamaza, atupa dakika nzima ya kumfikiria huyo kibarua.

Mokowe, saa mbili asubuhi, tuko tisa.
Zeituni wa Faza, anayeogopa ngazi ila haogopi urefu.
Bunu wa Hindi (Hindi yetu hii, si ile ya ng'ambo),
mwepesi wa mkono, mwepesi wa kucheka.
Wiki ya kwanza hatukugusa kitu.
Tulifundishwa kuvaa buti.
Tulifundishwa jina la kasha: herufi nne, tarakimu sita,
na ya saba ni shahidi:
kosea moja kati ya zile sita
na yenyewe itakusuta.

Baba alihesabu kwa korja.
Boriti ishirini, korja moja, fundo moja kwenye ukili,
chaki nyuma ya sikio, bega la kulia limeshuka
mpaka leo, hata akiwa amelala.
"Kasha moja laingia korja ngapi?"
Nikapiga hesabu juu ya karatasi ya maandazi, nikamtajia.
"Na wabebaji?"
"Mmoja, baba. Ameketi."
Akacheka hadi akakohoa.
Kisha akaacha kucheka, na mimi sikujua nitazame wapi.

Siku ya mtihani: makasha ishirini na manne, saa moja.
Pembeni mwa kioo pana kidirisha cha upepo.
Upepo wa kompyuta hauna jina,
si kusi, si kaskazi, ni namba tu:
tisa. Kumi na tatu.
Nikalishika kasha la kwanza, vyuma vinne vikauma pembe nne,
taa ikawa kijani, nikalinyanyua kiasi cha kimo cha mtoto.
Kumi na tisa.
Ishirini na moja.

Kitabu chasema ishirini.

Nikalirudisha pale pale.
Nikafungua pembe, nikainua mkono wa kreni, nikakaza breki,
nikatia mikono mapajani kama bibi harusi
na kukaa.
Dakika arobaini na sita.
Nyuma ya ukuta nilimsikia Bunu:
kasha la nane, la tisa, la kumi na moja, wenzake wampigia makofi.
La kumi na mbili likayumba.
Kukawa kimya. Vijitu, bila shaka, vikainuka.

Mwalimu aliingia na ubao wake.
"Umeshusha mangapi?"
Nikaonyesha namba, ingali ishirini na moja.
Akaandika. Hakutabasamu, si mtu wa kutabasamu,
ila kalamu yake niliisoma kichwa chini miguu juu:
alama ilianza fupi, ikapanda ndefu.

Nyumbani mama: "Mato yako mekundu. Ndoo ule.
Leo umeshusha mangapi?"
"Hata moja."
Kijiko kikasimama hewani.
Baba hakuinua uso kutoka kwenye sinia.
"Na umeumiza wangapi?"
"Hata mmoja."
Akatafuna, akameza,
akanisogezea kichwa cha samaki.

Kesho ni somo la kufunga minyororo.
Zeituni ameahidi kupanda ngazi huku amefumba macho;
Mwalimu amekataa.
Na meli, wasema, Alhamisi.
Au Jumanne ile nyingine.