Hapo Kwenye Mia

Ghorofani Mwembe Tayari, juu ya duka la magodoro,
nina sanduku la chuma, zito kama deni,
vifundo kumi na viwili; kimoja kilipoteza kofia
nikakivika kizibo cha soda.
Huliwasha mapema lipate joto. Halipendi kukurupushwa.

Swafiya kaleta kanda ya marehemu babake,
Mzee Famau, akihesabu wadeni wa duka lake la Kuze:
nani kachukua sukari, nani mafuta ya taa,
nani "huyu mwachieni, ana wana."
Nyuma yake friji ya soda inavuma, haina adabu.
"Nitolee friji," kanambia. "Namtaka yeye tu."

Kazi ndogo. Nikapunguza juu, kunguru wakanyamaza.
Nikashuka chini, natafuta kwa kidole na sikio,
themanini, tisini,
hapo kwenye mia nikaikuta friji, nikaibana.
Ikafa.
Na Mzee akabaki sauti ya puani,
karani wa kwenye simu, hana kifua.

Nikarudisha nusu. Nikajaribu robo.
Wamepanga chumba kimoja, kifua na mvumo;
ukimfukuza mmoja, mwenzake hufunga virago.

Swafiya kavua spika za masikioni.
"Huyo siye."
Kisha, taratibu:
"Baba hakuwahi kunena pasi na friji hiyo.
Nirudishie yote."

Nikavirudisha vifundo, kimoja kimoja, vikaelekea saa sita,
hadi kizibo cha soda.

Kwenye daftari, penye bei, kalamu ikasita:
kanda imetoka kama ilivyoingia.